Bakora Badala ya Mkuki

Watu wengine ukikutana nao barabarani wanakuuliza habari za nyumbani. Maalimu wetu wa Nshambya aliuliza, "Watoto wamefika wapi?" Alimaanisha watoto wa madrasa, na wamefika wapi katika msahafu. Aliniuliza hivyo nikirudi safari. Aliniuliza hivyo siku ya harusi yangu, mbele ya bibi harusi, ambaye kwa muda mfupi alidhani mume wake mpya ana watoto mahali. Hata makaburini, udongo ukiwa bado mbichi, alinivuta kando na kuninong'oneza swali lile lile. Nilikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi: asubuhi nafundisha shule ya msingi, jioni nawasomesha wale wadogo alifu na be kwenye jamvi la nyuma, huku yeye akiwa na wakubwa jamvi la mbele. Kwa hiyo kujibu ilikuwa kazi yangu. Nikisema "wako sura ya Tabaraka" aliitikia kwa kichwa na kwenda zake, na hapo tulikuwa tumeshasalimiana.

Swali lake yeye alilijua kila mtu. Swali letu sisi lilikuwa jingine, na hakulijibu: nani atakaa kwenye kiti chake akiondoka?

Aliulizwa na wazazi, akaulizwa na kamati ya msikiti, akaulizwa na mkewe kabla hajatangulia mbele ya haki. Jibu lilikuwa moja. "Mtume hakuacha jina. Mimi ni nani niache?"

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu Maalimu aliyabeba mambo makubwa ya dini kama mtu anavyobeba mwavuli, kila siku, hata jua likiwaka. Sisi Masuni tunaamini kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki bila kumtaja kwa jina atakayeongoza baada yake. Waislamu wakakaa, wakashauriana, wakamchagua Abubakari. Mashia wanaamini alikwisha kumtaja Ali, binamu yake na mkwe wake, mchana kweupe, pale Ghadir, alipomshika mkono na kuuinua mbele ya mahujaji. Na kwamba tangu hapo uongozi ni wa Maimamu wa nyumba ile, si wa kupigiwa kura na yeyote. Kisa cha mkono ulioinuliwa sisi pia tunakikubali. Tunachosema ni kwamba watu waliambiwa wampende, hawakuambiwa wamfuate kama mtawala. Wasomi wameandika juu ya jambo hili vitabu vya kujaza nyumba. Maalimu na Jirani walilimaliza kila jioni kwa kikombe kimoja cha kahawa, na kesho yake wakalianza upya.

Huyu Jirani alikaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa Mhaya wa Muleba, muuza vipuri vya baiskeli na pikipiki, na alikuwa Mshia. Wa kujiunga, si wa kuzaliwa, na hao wa kujiunga huwa wamesoma kutushinda wote. Madrasa ikitoka alivuka barabara na kiti chake mkononi, kwa sababu viti vya Maalimu vilikuwa vidogo kama vya watoto na yeye ni mtu mnene. Alikaa barazani, akapokea kikombe, akaanza.

"Maalimu, wewe ni Mhaya?"

"Unaniuliza kila siku."

"Mhaya akifa hajamtaja omusika, inakuwaje?"

Omusika ni mrithi mkuu, yule anayekabidhiwa kibanja, shamba la migomba la baba, pamoja na makaburi yaliyomo na kauli ya ukoo. Kila mtu wa Kagera anajua inakuwaje asipotajwa. Migomba inafyekwa, ndugu hawasalimiani, na kesi inazeekea baraza la kata.

"Inakuwa vita," alikubali Maalimu.

"Sasa mzee wa Kanazi asiyejua hata kusoma anaona mbali kiasi cha kumtaja omusika wake. Halafu Mtume, mbora wa viumbe, aondoke hivi hivi, awaachie watu wagombane?"

"Mtume hakuwa Mhaya."

"Astaghafirullah, sijasema hivyo!"

"Na hakuacha migomba. Aliacha watu wazima. Watu wazima hukaa wakashauriana."

"Walikaa, ndiyo. Na wakati wamekaa, Ali alikuwa wapi? Alikuwa anamwosha Mtume."

Hili Jirani alilisema kwa sauti ya chini, akiangalia ndani ya kikombe. Hapo hakuwa anatania, na Maalimu naye hakurusha jibu kama alivyorusha mengine. "Hilo kila nikilifikiria linaniuma," aliwahi kusema. "Lakini mji ulikuwa unataka kupasuka, Jirani. Ilibidi watu waushike." Mimi nikajifanya nakunja majamvi.

Walikuwa na sheria zao. Hakuna kumtaja sahaba yeyote bila kumtakia radhi, na atakayeteleza ananyimwa kahawa mpaka Ijumaa. Jirani aliteleza mara moja, akavuka barabara na kiti chake, ameinamisha kichwa, na siku zile Maalimu alikuwa mtu wa kisirani kuliko nilivyowahi kumwona. Aliwakemea watoto kwa makosa ya kusoma ambayo hawakuyafanya. Alhamisi alishindwa kuvumilia, akatuma kahawa ng'ambo, akadai kwamba kwa hesabu ya Waislamu Ijumaa huanza magharibi ya Alhamisi. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Kitu kilichowaudhi watu wa msikitini kilikuwa dirishani kwa Maalimu. Mashia husujudu juu ya udongo, na Jirani alikuwa na kijiwe chake cha udongo cha kuwekea paji la uso. Pia aliswali alasiri yake mapema, akiiunganisha na adhuhuri kama wafanyavyo wenzake, nasi tukiswali ya kwetu baadaye. Mvua ya Bukoba haingoji mtu avuke barabara. Ikimkuta barazani inamfunga hapo hapo. Maalimu alimwomba kijiwe cha akiba akakiweka dirishani, juu ya kitambaa safi, ili mgeni asikose pa kusujudia. Mwenyekiti wa msikiti alikiona, akamwita pembeni akamuuliza jiwe la Mashia linafanya nini katika nyumba ya mwalimu wa Kisuni. "Linangoja mvua," Maalimu alimjibu.

Na mwenyekiti huyo ndiye aliyempa Maalimu utani wake mtamu kuliko yote. Kwa akina Jirani, wanaoamini kwamba Imamu hachaguliwi na watu, mwenyekiti wa jumuiya alichaguliwa kwa kura, na muda wake ukiisha alishuka, mwingine akapanda. Kwetu sisi, tunaoamini kwamba kiongozi huchaguliwa na watu, mwenyekiti alikuwa yule yule tangu mimi nabebwa mgongoni. "Tubadilishane," Maalimu alimwambia Jirani. "Sisi tuchukue sanduku lenu la kura, nyinyi mchukue mwenyekiti wetu." Jirani akasema sanduku atatoa.

Maalimu mwenyewe alikuwa mtu wa shura, wa mashauriano, kwa maneno. Kila mwanzo wa mwaka aliwaambia watoto wachague kiranja. Aliwapa muda, akatoka nje ili wasimwogope, akarudi akiwa na uso wa mtu mwenye haki. Watoto walimchagua mwenye mandazi. Maalimu alilitazama jina, akawatazama wao, akasema, "Shura imekosea. Rudieni." Walirudia mpaka wakapatia. Nilipomwuliza tofauti ya hayo na kuteua iko wapi, alisema kuteua ni jeuri, yeye alikuwa anasaidia.

Msimu wa senene ndio uliotuonyesha mipaka ya elimu zote mbili. Senene wakianguka Bukoba, hata mgonjwa anaamka kitandani. Mwaka mmoja shehe kijana mgeni alitia shaka kama wadudu wale wanaliwa. Jirani, mtu wa utaratibu, aliamua kumwuliza mwanachuoni anayemfuata, ambaye yuko nchi ya mbali na sidhani kama amewahi kumwona senene. Maalimu akasema kwake mamlaka katika jambo hili ni bibi yake mzaa mama, aliyekufa akiwa ametafuna senene wa miaka isiyohesabika na shahada mdomoni. Jibu la mbali lilichelewa mpaka msimu ukaisha. Wakati wote wa kungoja, Maalimu alikula senene wa Jirani ili kumwepusha na shaka.

Msidhani kwamba alizaliwa na upole huo. Ujanani alikuwa moto. Aliporudi kutoka kusoma pwani, akiwa na ndevu mpya na maneno mapya, aliingia nyumbani kwa baba yake Kanazi, akakuta mkuki wa ukoo umesimamishwa pembeni mwa mlango, mahali ambapo wazee waliwamwagia mababu rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Aliona shirki tupu. Baba alipofariki na kibanja kikawa chake, aliuchukua mkuki ule mpaka Kemondo, akapanda mtumbwi wa wavuvi, akautupa ziwani. Hakumwambia mtu. Mimi aliniambia siku moja tukikunja majamvi, akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Nilikuwa na haki," alisema. "Lakini ningeweza kuuweka tu stoo."

Sasa niseme mimi mwenyewe nilikuwa wapi katika mambo haya, maana msomaji ameshaanza kushuku. Nilikuwa nangoja kutajwa. Mchana niliwasomesha watoto kwamba Mtume hakumtaja mtu na kwamba hilo ndilo jambo la hekima. Jioni nilimtazama Maalimu akinywa kahawa nikiomba kimoyomoyo anitaje mimi. Kama imani ni kile mtu anachokitamani akiwa peke yake, basi kwa suala la kiti kile nilikuwa Mshia kamili.

Na nilikuwa na dalili zangu. Kifua kilipoanza kumsumbua, mimi ndiye niliyeambiwa, "Wasomeshe." Nilikaa jamvi la mbele. Wasomi wetu wanasema Mtume alipougua alimwamuru Abubakari awaswalishe watu, na hiyo ilitosha kuwaonyesha wenye akili. Niliona wenye akili wa Nshambya nao wangetosheka. Mpinzani sikumwona. Maalimu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, muuza dagaa na sangara wa Kemondo, mtu mwenye sauti ya kunadia samaki gulioni na sura fupi fupi kichwani, zile za mwisho wa msahafu. Mtu mwema, nilisema, kwa sauti ile tunayosema nayo "mtu mwema" tukiwa hatuna wasiwasi na mtu.

Kisha ukoo ukamwita Maalimu Kanazi. Ugonjwa ulikuwa umemkaa, na kwao mzee hafiki hatua hiyo bila kumtaja omusika. Kwa madrasa alikuwa na Mtume wa kumfuata. Kwa kibanja alikuwa na wazee wa ukoo. Hakubisha hata kidogo. Mimi nilimsindikiza nikimshika mkono, naye akitembelea bakora yake, ile ile aliyogongea sakafu darasani tuende sawa, na ambayo mara moja moja ilipotea njia ikamgonga aliyesinzia.

Wazee walikuwa wamekaa uani, wengi wao Wakatoliki, na mkuu wao alikuwa katekista mstaafu, binamu yake Maalimu, mzee mwenye koti zito na adabu nyingi. Akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna, ilikuwa tayari kwenye kikapu kidogo. Kijana wa Kemondo alipiga magoti mbele ya baba yake. Katika ukoo wao omusika hupewa mkuki wa baba mikononi, watu wakiona.

"Mkuki uko wapi, waitu?" katekista aliuliza, kwa neno la heshima la Kihaya.

Maalimu alikohoa. Alikohoa zaidi ya kifua kilivyohitaji. "Uko ziwani."

"Ziwani umefuata nini?"

"Nilikuwa kijana."

Wazee walitazamana. Mmoja alisema bila mkuki hakuna omusika, bora watu waende nyumbani. Mwingine alisema hata panga lingefaa, mwenzake akamwuliza kama wanasimika mrithi au wanavuna ndizi. Maalimu aliangalia huku na huku kama mtu aliyesahau miwani, kisha akainua alichokuwa nacho mkononi.

"Shikeni hii."

"Tangu lini mtu akasimikwa kwa fimbo ya kuchapia watoto?" aliguna mzee mmoja.

Katekista alifikiri. "Hata askofu anasimikwa na fimbo," alisema, na hapo mabishano yakaisha. Maalimu, aliyeuzamisha mkuki kwa ajili ya usafi wa imani, aliokolewa na askofu, na sikumsikia akilalamika. Alimpa mwanawe bakora. Kwa kuwa waliokuwa nyuma ya ua walilalamika hawaoni, aliushika mkono wa kijana, bakora ikiwa ndani yake, akauinua juu.

Watu wote wakatafuna akamwani, na yangu ilikuwa chungu kuliko kawaida.

Maalimu alibaki Kanazi, na Jumamosi iliyofuata nilifika madrasa nikamkuta mwanawe, mwenzangu wa Kemondo, amekaa kwenye kiti cha Maalimu, kanzu mpya, bakora magotini. Watoto walikuwa wamechangamka sana. Alikuwa amewaletea dagaa wa kukaanga.

"Ile ilikuwa ya kibanja," nilimwambia.

"Kibanja hakina bakora, Ustadhi. Bakora ni ya hapa."

"Mkuki haukuwepo! Angekuwa nao angekupa mkuki."

"Lakini alinipa hii. Akauinua mkono wangu watu wakaona. Wewe mwenyewe uliona."

"Alikupenda kama mwanawe. Hakusema uje usomeshe. Mimi ndiye niliyeambiwa nisomeshe, tena akiwa anaumwa."

"Alikwambia usomeshe siku anaumwa. Kiti hakukwambia."

Jirani alikuwa amekwisha kuvuka barabara na kiti chake. Alikaa mlangoni na machozi ya furaha yakimlenga. "Endeleeni," alisema. "Miaka yote nayasoma haya vitabuni, leo nayaona kwa macho." Kisha akanigeukia mimi. "Ustadhi mdogo, umesema alimwinua mkono kwa mapenzi tu, siyo kwa uongozi? Mahali fulani nimelisikia hilo." Akamgeukia mwenzangu. "Na wewe bwana samaki, unadai uongozi umebaki nyumba ya aliyeondoka, kwa kutajwa mbele ya watu? Mbona umechelewa, karibu kwetu."

Nilitia kofuli mlangoni jioni ile, kwa usalama wa majamvi. Kesho yake nilikuta kofuli la pili juu ya langu, la usalama wa kofuli langu bila shaka. Wazazi waligawanyika. Wanaosomesha shule walikuwa upande wangu, wanaokula samaki upande wake. Mwenyekiti wa msikiti alisema jambo litakwenda kwa shura, na shura ikakaa, ikaahirishwa, ikakaa tena. Nilikuwa nahudhuria vikao vyote, na nilisema maneno mazuri sana juu ya mashauriano. Mwenzangu baada ya vikao vya mwanzo hakuonekana tena, nikajua anapita nyumba kwa nyumba kutafuta watu. Watoto walicheza mpira uani mbele ya makofuli mawili, kisha hata mpira wakauchoka, wakaacha kuja.

Mwishoni shura ilifikia uamuzi wake wa pekee: twende Kanazi tumwombe Maalimu ataje jina moja. Yaani watu wa kuchagua walishindwa kuchagua, wakaomba wateuliwe mtu. Walinituma mimi, kwa kuwa nilijitolea, na Jirani, kwa kuwa ana pikapu, na pia kwa sababu ndiye mtu pekee wa mtaa ambaye hakuna aliyemshuku kukitaka kiti.

Tulifika mchana. Uani kulikuwa na kahawa iliyoanikwa na kuku mmoja aliyekuwa akitembea juu yake bila kufukuzwa na mtu. Ndani, Maalimu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekonda mpaka kofia imekuwa kubwa. Miguu yake ilikuwa kwenye beseni, na aliyepiga magoti akiiosha, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa mwenzangu wa Kemondo. Alikuwa hapo tangu alipoacha vikao. Alifunga biashara yake akaja kumwosha baba yake, kumpikia uji na kumgeuza upande, na mimi wiki zote zile nilikuwa nikiwaambia watu anafanya kampeni. Bakora ya ubishi ilikuwa imeshikilia dirisha lisijifunge.

Jirani aliliangalia beseni, akaniangalia mimi. Nilijua anawaza nini, na nilimshukuru kwa kutolisema.

"Shikamoo Maalimu."

"Marahaba, mwana wange." Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Watoto wamefika wapi?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, tangu Nshambya. Hakuna hata moja lililojibu swali lile. Nilimtazama mwenzangu, naye aliangalia maji ya beseni.

"Wamefika wapi?" alirudia, akidhani sikusikia.

"Hawasomi, Maalimu. Mlango umefungwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Na mimi, tata," alisema mwanawe.

Kumbe hakuwa amemwambia. Maalimu alitutazama mmoja mmoja, kisha akaugeuzia uso ukuta. Nimewahi kukemewa na maofisa elimu na nimewahi kukemewa na mama mkwe, lakini aibu niliyoiona mbele ya mgongo ule mwembamba sijaiona kwingine. Niliona aibu, na bado nilikuwa mjinga. Nilimaliza kazi niliyotumwa.

"Wazazi wanaomba utaje jina, Maalimu. Moja tu. Tutalifuata."

Aligeuka akanyoosha kiganja. "Leteni funguo," alisema.

Wangu ulikuwa mfukoni mwa kanzu; nilitembea nao kila mahali. Wa mwenzangu ulikuwa shingoni kwa uzi. Maalimu aliziweka zote mbili kwenye kiganja, akazigeuzageuza. Niliamini, Mungu anisamehe, kwamba anachagua.

"Jirani."

"Naam, Maalimu."

"Shika."

Jirani alirudi nyuma hatua nzima. "Mimi? Mimi ni Mshia, Maalimu! Msikitini watasema nini?"

"Watasema. Lakini wewe hukitaki kiti changu. Una chako, unakuja nacho." Akapumzika, akavuta pumzi. "Utawafungulia tu. Hawa watasomesha. Mmoja ana sauti, mwingine ana herufi. Asiyekuja usimngoje."

Hakutaja mtu. Aliondoka duniani baadaye bila kumtaja mtu, na mpaka leo nikipita Nshambya naulizwa kama hakuniachia neno la siri. Siku ile Jirani alizipokea zile funguo kwa mikono miwili, kwa uzito ambao sikuwahi kuuona kwake barazani.

"Nifungue saa ngapi?" aliuliza.

"Alasiri."

Jirani alisita. Alikuwa na uso wa mtu anayejizuia, lakini miaka yote ile ya kahawa ilimshinda. "Alasiri yenu au yetu?"

Maalimu alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, mwanawe akainuka na mikono iliyolowa akamshika mgongo, na sisi tukasimama tukiogopa. Kifua kilipotulia alifuta midomo kwa kiganja.

"Ya watoto," alisema. "Wanapotoka shule."

Jirani alizifunga funguo mbili ndani ya leso yake, akaangalia jua kupitia lile dirisha lililoshikiliwa na bakora, akaniambia tukiondoka sasa hivi tutawawahi.